Mintarafu ya Kuunganisha Masomo Skulini

Mwalimu yeyote aliyesomesha kwa miaka ya kutosha katika skuli zetu amepata kuliona jambo hili: mtoto aliyekokotoa uwiano bila ya taabu katika kipindi cha Hisabati asubuhi, anapopewa ramani ya Pemba katika kipindi cha Jiografia mchana, na kutakiwa aseme ni masafa gani yaliyopo baina ya Wete na Chake Chake kwa kufuata kipimio kilichochorwa pembeni, huduwaa na kuitazama karatasi kana kwamba ameulizwa jambo ambalo masikio yake hayajapata kulisikia. Akielezwa kwamba kipimio cha ramani ni uwiano ule ule alioufanyia kazi asubuhi, aghalabu hustaajabu, kwa kuwa kwake yeye uwiano ni mali ya mwalimu wa Hisabati, huishi katika daftari la Hisabati, na kengele ikilia huondoka pamoja na mwalimu yule. Mtoto huyu si mjinga, na walimu wake wote wawili wanaijua kazi yao. Taksiri imo katika namna tulivyoipanga siku ya skuli, ambayo humpa mtoto maarifa mengi bila ya kumpa hata mara moja nafasi ya kuyakutanisha.

Kwa ajili ya ila hii wametokea watu wa taalimu, kwa muda wa zaidi ya miaka mia sasa, wanaodai kwamba kuyagawa maarifa mafungu mafungu, kila fungu na kitabu chake na saa yake, ni kumdhulumu mtoto, kwa kuwa dunia anayoishi haikugawika hivyo. John Dewey alipofungua skuli yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, watoto humo walipika, walifuma na kufanya useremala, ili katika kazi hizo wajifunze hisabu, kemia na tarikh bila ya kuambiwa kwamba sasa ni saa ya hisabu au ya tarikh. Leo dai hilo limetufikia kwa nguvu mpya: Kenya kwa mtaala wa umilisi ulioanza kuenea mwaka 2019, Tanzania Bara kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, na kote kuwili mwalimu huhimizwa auhusishe ufundishaji wa somo lake na masomo mengine. Ninalotaka kulipima hapa ni kama himizo hilo lina faida inayolingana na taabu yake, na, ikiwa inalingana, ni kwa nini tumelijaribu mara kadhaa katika nchi hizi na kila mara tukarudi nyuma.

Amma kwa watu wa pwani hii, wazo lenyewe halikuja kwa meli kutoka Marekani. Katika vyuo na misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja, mwanafunzi aliyefikia daraja ya kusoma ilmu ya mirathi alilazimika kuzikutanisha ilmu mbili tafauti kabisa mbele ya masala moja, na hapakuwa na njia ya kuikwepa hata moja kati yao. Tuitazame masala hiyo kwa karibu. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Madeni yake yamekwisha kulipwa na wasia wake umekwisha kutekelezwa. Fiqhi humwambia mwanafunzi kwamba mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, fungu lake ni thumuni. Mama hupata sudusi. Na kinachobakia ni cha watoto, wa kiume apate mara mbili ya wa kike. Hapo fiqhi imemaliza kauli yake, na hisabu inaanza: thumuni na sudusi hukutana katika 24, mke akapata 3, mama 4, zikabakia 17, lakini 17 hazigawiki kwa mafungu matatu ya watoto, basi sharti asili ya masala ikuzwe mara tatu hata ifike 72, ndipo mke apate 9, mama 12, mtoto wa kiume 34 na wa kike 17. Mwanafunzi akikosea hisabu amemdhulumu yatima. Akikosea fiqhi, hisabu yake hata ikiwa safi ni batili. Na udugu huu wa ilmu mbili ni wa kale, kwani Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, alipoandika huko Baghdad katika karne ya 9 kitabu chake mashuhuri cha aljebra, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliijaza masala ya wasia na mirathi.

Walakin, na hili ndilo linalosahauliwa na wengi wanaopigania kuunganisha masomo, mwanafunzi yule hakuanza na mirathi. Alianza kwa Kurani, akaendelea na nahau na fiqhi, kila ilmu kwa kitabu chake na kwa utaratibu wake, na sehemu za hisabu akazijua kuwa ni hisabu kabla ya kuzijua kuwa ni haki ya mjane. Ilmu zilikutana baada ya kila moja kushika mizizi, na zilikutana kwa sababu palikuwa na suali la haki lisilojibika kwa ilmu moja peke yake. Mambo mawili haya, kwamba kila ilmu iwe imara kwanza na kwamba suali lenyewe ndilo liziite, nayashika kuwa ndiyo mizani ya makala haya yote.

Sasa tuitoe hoja msikitini na tuipeleke shamba. Chukua skuli moja ya msingi huko Pemba katika msimu wa karafuu, wakati ambapo watoto wengi huonekana zaidi juu ya mikarafuu kuliko juu ya madawati, na tuseme kwamba walimu wanne wa skuli hiyo wamekubaliana kwamba kwa muda wa wiki mbili kila mmoja atafundisha somo lake kwa kupitia karafuu. Mwalimu wa Sayansi analeta karafuu mbichi na kavu, anawaonyesha watoto kwamba kinachochumwa ni tumba la ua ambalo bado halijafunguka, na anapima mbele yao: kilo 30 za karafuu mbichi, zikishaanikwa majamvini na kukauka barabara, hubakia kama kilo 10. Zimekwenda wapi zile ishirini? Watoto wa Pemba wameona majamvi ya karafuu tangu wakitambaa, lakini wachache wamepata kuulizwa suali hilo. Ni maji, yaliyochukuliwa na jua na upepo. Na karafuu iliyoanikwa vibaya ikanyeshewa huoza na kuharibika thamani kwa kuwa maji yale hayakutoka yote.

Mwalimu wa Hisabati anapoingia darasani saa inayofuata, anaikuta ile kilo 30 kwa kilo 10 imekwisha andikwa ubaoni, na uwiano wake una maana ambayo hakuna kitabu cha Hisabati kilichopata kuutia. Anauliza: ikiwa mtu amekuja mashambani kununua karafuu mbichi kwa watu wasio na nafasi ya kuanika, ni bei gani ya mbichi iliyo sawa na bei ya kavu, na akitoa chini ya hiyo, anapata faida kiasi gani juu ya mgongo wa mchumaji? Suali hili huulizwa kila msimu katika nyumba za watoto hao, na wazazi wengi hulijibu kwa kukisia. Mtoto anayerudi nyumbani na jibu lililokokotolewa amempa baba yake kitu ambacho skuli haikuzoea kumpa.

Na kuna jambo jingine dogo ambalo mimi hulipenda mno. Makonyo ya karafuu, ambayo zamani yangeweza kutupwa, huchemshwa kwa mvuke yakatoa mafuta. Na mafuta hayo, yakitiwa katika chupa yenye maji, huzama. Mtoto aliyemwona mama yake akipika mafuta ya nazi anajua kwamba mafuta huelea, na kwake hiyo ni kanuni isiyo na shaka. Anapoyaona ya karafuu yamelala chini ya chupa, kanuni yake imevunjika mbele ya macho yake, na sasa yuko tayari kuelewa kwamba kuelea na kuzama hutegemea uzito wa kitu kwa ujazo wake ukilinganishwa na ule wa maji, wala hakutegemei jina la mafuta. Mwalimu wa Sayansi angeweza kuiandika kanuni hiyo ubaoni na watoto wangeinakili. Lakini kuna tafauti kubwa baina ya kanuni iliyonakiliwa na kanuni iliyotafutwa kwa sababu chupa ilikataa kutii.

Kisha ndipo zije Jiografia na Historia, na hapa mambo huwa mazito. Mkarafuu si mti wa asili ya Unguja wala Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kupitia visiwa vya Maskareni, ukastawi chini ya dola ya Sayyid Said bin Sultan. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo uzito wa karafuu ukahamia Pemba. Mwaka uliofuata, 1873, mkataba ukatiwa sahihi wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria. Mtoto anayeziweka tarehe hizi kando ya khabari ya mti, ya mvua na ya upepo, ataona kwamba mashamba yaliyopandwa kwa mikono ya watumwa yaling'olewa na dhoruba mwaka mmoja kabla ya soko la watumwa kufungwa, na ataanza kuuliza yeye mwenyewe nani alipanda upya, nani alichuma, na kwa ujira gani.

Hapo ndipo ilipo, kwa maoni yangu, faida kubwa kuliko zote, nayo ni kubwa kuliko zile zinazotajwa sana za kumchangamsha mtoto na kumsaidia kukumbuka. Mtoto aliyepitia wiki mbili kama hizo anajifunza kwamba kila ilmu ina suali lake na ina mpaka wake. Sayansi itamwambia kwa nini karafuu iliyokauka ni nyepesi, lakini haitamwambia kwa nini mtu aliyeichuma hakulipwa. Hisabati itampa bei iliyo sawa, lakini haitampa sababu ya mnunuzi kutoa chini yake. Historia itamweleza khabari za mtumwa, lakini itasita mbele ya suali la kwa nini Pemba hupata mvua nyingi kuliko sehemu kadha wa kadha za pwani. Anayejua mipaka hii amejua jinsi ya kumchagua wa kumuuliza, na huo ni ujuzi ambao mtu atauhitaji kila siku ya umri wake, akiwa mkulima, daktari au hakimu. La ajabu ni kwamba ujuzi huu wa kuzitafautisha ilmu haupatikani kwa kuzisoma zikiwa mbalimbali peke yake. Hupatikana zinapowekwa pamoja mbele ya kitu kimoja, zikaonekana kila moja inavyokishika upande wake.

Insafu hata hivyo inanilazimisha niiseme khatari iliyomo, kwa kuwa nimewaona walimu wema wakiingia ndani yake bila ya kujua. Somo la karafuu likiandaliwa kwa haraka, Hisabati hugeuka kuwa kazi ya kuhesabu matumba ambayo mtoto wa darasa la pili angeiweza, Historia hugeuka kuwa hadithi fupi ya Sultani na meli, na Sayansi hugeuka kuwa kuchora tawi na kulitia rangi. Kuta za darasa zikapambwa, mgeni akija akafurahi, na mtoto hakusonga mbele hata hatua moja katika ilmu yoyote. Hisabati hasa haivumilii kufanyiwa hivyo, kwa sababu ni ilmu ya ngazi: asiyejua sehemu hatajua uwiano, asiyejua uwiano hatajua asilimia, na hapana karafuu, wala samaki, wala soko, litakalomfundisha mtoto kwa nini namba hasi ikizidishwa kwa namba hasi hutoa namba chanya. Jambo hilo litafundishwa kwa utaratibu wa Hisabati yenyewe, kwa kurejearejea, kwa mazoezi mengi, katika kipindi chake. Anayetaka masomo yote yafundishwe kwa kupitia mada za maisha peke yake, basi anataka ngazi isiyo na vipandio vya katikati.

Tukiizingatia khatari hiyo ndipo tutakapoielewa vyema historia ya majaribio yetu wenyewe. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea alioutoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi wa Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, husomwa na wengi kana kwamba ulikuwa waraka wa majembe. Lakini anayeusoma kwa makini ataona kwamba ndani yake limo wazo zito la kuunganisha masomo. Mwalimu alitaka kila skuli iwe na shamba au karakana, na akatoa mfano wa mbolea: sifa zake zielezwe darasani, na matumizi yake pamoja na mipaka yake vionekane shambani na wanafunzi hao hao, na kadhalika kuhusu matuta na kuhifadhi udongo, nadharia na kazi vifuatane. Huyo ni mtu aliyekuwa mwalimu kabla hajawa rais, na aliyajua anayoyasema.

Yaliyotokea baadaye yanajulikana na kila aliyesoma katika miaka ile. Katika skuli nyingi shamba lilibaki shamba na darasa likabaki darasa. Wanafunzi walilima katika saa za kazi chini ya mwalimu wa zamu, mavuno yakaliwa au yakauzwa, na mwalimu wa Kemia hakulikanyaga lile shamba la mahindi, kwa kuwa azimio lake la kazi halikulitaja, chuo cha ualimu hakikumfundisha namna ya kulitumia, na mtihani haukuliuliza. Azimio la Musoma la 1974 lilijaribu kulitibu hilo kwa kuagiza kwamba maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi, pamoja na kazi na tabia yake, vihesabiwe sambamba na mtihani wa mwisho. Walakin alama iliyotolewa kwa kazi ilikuwa alama ya bidii ya mikono, nayo haikupima kama mwanafunzi ameelewa kwa nini tuta lililonyweshewa samadi limestawi kuliko la jirani yake. Hivyo shamba likahukumiwa kwa makosa ambayo hayakuwa ya shamba, na kizazi kizima kikatoka skulini kikiamini kwamba elimu ya kujitegemea maana yake ni kulima.

Jaribio la namna ya pili limekuwa la kuunganisha masomo katika vitabu na kuyapa jina moja. Mwanzoni mwa karne hii Fizikia na Kemia ziliunganishwa kuwa somo moja katika sekondari za Tanzania, na baada ya malalamiko makubwa zikatenganishwa tena muda si mrefu. Katika skuli za msingi za Bara, Historia na Jiografia ziliwekwa pamoja katika Maarifa ya Jamii, na katika mtaala wa sasa zimeachana, moja ikiitwa Jiografia na Mazingira na ya pili Historia ya Tanzania na Maadili. Kenya, ambayo katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ilizifundisha Jiografia, Historia na Uraia zikiwa pamoja katika skuli za msingi, sasa katika sekondari ya chini iliyoanza Januari 2023 imezitia fizikia, kemia na baiolojia ndani ya somo moja la sayansi, na mwaka 2024 ikayapunguza masomo ya daraja hiyo kutoka 14 hadi 9 kwa kuyaunganisha. Tunaunganisha na kutenganisha, na kila mara vitabu huchapwa upya kwa fedha za watu masikini.

Tumwangalie sasa mwalimu aliyekabidhiwa somo lililounganishwa namna hiyo. Mwalimu wa sekondari katika nchi zetu hufunzwa masomo mawili chuoni. Aliyehitimu katika baiolojia na kemia akapewa kitabu cha sayansi iliyounganishwa, sura zake nyingi ataziingia kwa furaha, na atakapofika kwenye umeme na sumaku, mambo aliyoyaacha alipokuwa kidato cha nne, atafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye heshima ya nafsi yake angekifanya: atapita upesi, atasoma kitabuni, ataepuka majaribio asije akaaibika mbele ya watoto, na maswali atayazuia kwa upole. Mtoto aliyekuwa apate fizikia kamili kwa mtu anayeipenda, amepata theluthi ya somo kwa mtu anayeiogopa. Kuunganisha kwa namna hii huiondoa kazi ya kuyakutanisha maarifa mikononi mwa walimu wawili walio hai na kulipa jalada moja la kitabu, ambalo haliwezi kuifanya. Nasema bila ya kusitasita kwamba malalamiko ya wazazi na walimu waliodai Fizikia na Kemia zitenganishwe yalikuwa ya haki, na waliodhani kwamba huo ulikuwa ukaidi wa watu wasiopenda mabadiliko waliwakosea.

Khabari ya ratiba na ya msongamano sitaikalia sana, kwa kuwa kila mtu anaijua: kipindi ni cha dakika arubaini, madarasa mengine yana watoto themanini na zaidi, na mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba ana kazi ya kutosha kuhakikisha kwamba walimu wawili hawakupangwa katika chumba kimoja kwa saa moja, seuze kuwapanga makusudi wakae pamoja. Taabu hizi ni za kweli, lakini zinatatulika kwa nia na kwa kalamu.

Taabu isiyotatulika kwa kalamu, na ambayo ajabu yake ni kwamba haitajwi katika mijadala ya kuunganisha masomo, ni ya lugha. Tanzania Bara mtoto wa skuli ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako karibu kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyingine za kigeni, hufundishwa kwa Kiingereza; na Zanzibar, Sera ya Elimu ya 2006 iliileta zamu hiyo mapema zaidi, Hisabati na Sayansi zikawa kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Katika nchi ambazo lugha ya skuli ni moja, mwalimu wa lugha ndiye kiungo cha masomo yote: yeye huwafundisha watoto kuandika maelezo ya jaribio la sayansi kwa mpango, kusoma jedwali na kulieleza kwa maneno, kutoa hoja ya kihistoria na kuitetea, na walimu wengine wote hula matunda ya kazi yake. Kwetu mwalimu wa Kiswahili, ambaye aghalabu ndiye aliye karibu zaidi na akili za watoto kwa kuwa anasema nao kwa lugha wanayoiota, amewekwa mbali na Kemia, na Baiolojia, na Jiografia. Akiwapa wanafunzi wake ufahamu wenye kuhusu mzunguko wa maji, na wakauelewa hata chembe ya mwisho, mtihani wa Jiografia utawadai waelewe upya kwa lugha nyingine, na juhudi yake haitahesabiwa popote.

Mwalimu wa Baiolojia naye huyajua haya vizuri. Somo lake likikwama, huufunga mlango wa darasa na kulieleza kwa Kiswahili kwa dakika kumi, watoto wakaamka, kisha akarudi kwenye Kiingereza cha kuandika ubaoni. Kwa hakika dakika kumi zile ndizo zilizokuwa somo la kuunganisha, na zinafanywa kwa kujificha. Rai yangu ni kwamba, hata kabla ya suala kubwa la lugha ya kufundishia kukatwa, vipindi vya pamoja baina ya mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi viruhusiwe rasmi kufanywa kwa Kiswahili, na kazi za kuandika zitokanazo na vipindi hivyo zipokewe na walimu wote wawili. Istilahi zipo, wataalamu wetu wa lugha, wa Bara na wa Visiwani, wamezitunga kwa miongo mingi, na nyingi zao zimelala katika makamusi zikingojea mtu wa kuzitumia.

Kwa wale wanaopenda kutolea mfano nchi ya Finland, napenda waitazame vizuri. Mtaala wa nchi hiyo ulioanza kutumika mwaka 2016 unaitaka kila skuli iwape wanafunzi angalau mada moja kila mwaka inayofundishwa kwa kukutanisha masomo kadhaa, na khabari zilizoenea duniani wakati ule kwamba Finland imefuta masomo hazikuwa za kweli: masomo yamebaki yote, Hisabati kuwa Hisabati na Historia kuwa Historia, na mada ya pamoja ikapewa nafasi yake ndani ya mwaka. Na hayo wameyafanya katika nchi ambayo mwalimu sharti awe na shahada ya uzamili. Nchi yenye walimu wa daraja hiyo haikuona busara ya kuvunja masomo. Sisi tunaowapa walimu wetu masomo mawili na madarasa ya watoto themanini, tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa na kiasi.

Kiasi ninachokiona kinafaa ni hiki. Masomo yabaki na majina yake, vitabu vyake na walimu wake. Kila muhula, katika kila darasa, walimu wawili, wala si wanne kwa kuanzia, wachague suali moja la mahali walipo ambalo somo moja haliwezi kulimaliza: Pemba liwe la karafuu, Kilwa liwe la mikoko na samaki, Kisumu liwe la magugu maji katika ziwa, Moshi liwe la maji ya mifereji ya mlimani. Wapewe wiki mbili, na wapewe kipindi kimoja kila wiki cha kukaa wao kwa wao na kuandika andalio la somo kwa pamoja, kipindi kilichoandikwa katika ratiba kama vipindi vingine, kisichoweza kuchukuliwa na mkutano wala na zamu. Mkaguzi ajapo, alitake andalio hilo la pamoja kama anavyoyataka mengine. Na vyuo vya ualimu, ambavyo huwafunza vijana kila mmoja katika chumba cha somo lake, viwatake wafanye angalau zoezi moja la kufundisha wakiwa wawili, wa masomo tafauti, mbele ya darasa moja. Kwani mwalimu hawezi kumwonyesha mtoto jambo ambalo yeye mwenyewe hakuonyeshwa.

Lakini hayo yote yatamomonyoka katika mwaka wa tatu ikiwa mtihani hautabadilika, kama yalivyomomonyoka ya 1967. Mabaraza ya mitihani hayahitaji kuunda karatasi mpya wala somo jipya. Inatosha karatasi ya Jiografia ya kidato cha pili iwe na suali moja lenye jedwali la uzito wa karafuu mbichi na kavu kwa miezi ya msimu, pamoja na kiasi cha mvua iliyonyesha katika miezi hiyo, na mtahiniwa atakiwe akokotoe ni asilimia ngapi ya uzito imepotea kila mwezi, aeleze kwa nini mwezi mmoja umetafautiana na mwingine, na aseme ni mwezi gani mkulima angefanya vyema kuanika zaidi na mwezi gani angefanya vyema kuuza mbichi. Na alama zigawanywe sawa baina ya hisabu na maelezo. Suali la namna hiyo likitokea mwaka mmoja, walimu wa Jiografia watawaendea wale wa Hisabati kabla ya muhula unaofuata kwisha, bila ya kungoja waraka wa mtu yeyote.